Mamba Asiyejua Kuogelea

Jumatatu, 6 Agosti 1956

"Mutu bila munungwe hapa Nchelenge, hata ahubiri kama malaika, ni kelele tu." Kasema Lackson, karani wa kanisa, mbele ya wazee wote, huku akichokonoa meno kwa mfupa wa samaki. Uongo! Naupinga hapa hapa kabla wino haujakauka. Kwanza, Mtume Paulo hakuwa na mnungwe kule Korintho. Pili, nimesoma vitabu ambavyo Lackson hajaona hata majalada yake. Tatu, unungwe wenyewe ni nini? Nimeulizia. Ni utani! Mtu wa ukoo wa Mamba na mtu wa ukoo wa Samaki hutukanana, hunyang'anyana kofia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Watu wazima! Wakristo!

Nimeupiga vita utani kule Usambara tangu ujana wangu, kwa mdomo na kwa kalamu. Nikavuka maziwa na milima kuja kuhubiri ugenini, kwa wavuvi wa ziwa hili. Kumbe umenitangulia.

Jumapili anakuja Mchungaji Chilufya kutoka Kawambwa kukagua kazi yangu. Akikuta mabenchi matupu kama jana, narudishwa nyumbani. Na nyumbani yuko Elikana, adui yangu wa kalamu, aliyeandika katika jarida la kanisa kwamba mimi, Zefania, nitarudi kabla soli za viatu vyangu hazijaisha. Soli bado nzima. Sirudi!

Nimeamua. Nitaung'oa unungwe mbele ya Chilufya mwenyewe. Naanza kuandika mahubiri usiku huu.

Jumanne, 7 Agosti

Samaki asubuhi. Samaki mchana. Leo nimesikia wavuvi wakitaja Kilwa, nikauliza iko wapi, nikaonyeshwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Wabelgiji. Nikasema Kilwa iko pwani ya Tanganyika, nimeisoma. Wavuvi wakanitazama kwa huruma.

Jioni, kioja. Ninakaa kwa Mzee Nkonde, mtu wa Mamba. Tuko kwenye ubwali, ndio ugali wa huku, akaingia mama mmoja bila hodi. Jina lake Ennie, muuza samaki, mtu wa Samaki. Akachukua kipande kikubwa kabisa katika bakuli la mwenye nyumba, akakalia kiti chake, akamwambia mamba mkongwe namna hii alitakiwa awe ameshakuwa viatu vya muzungu. Mzee Nkonde akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza mbona hamfukuzi mwizi. Akajibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Ba Mwalimu, huyu njo munungwe wangu."

Nimeongeza kurasa katika mahubiri.

Alhamisi, 9 Agosti

Mzee Katongo amefariki. Mtu wa Mamba, fundi wa mitumbwi, mmoja wa wachache waliokuja kunisikiliza Jumapili. Leo tulikwenda kumzika. Naandika kwa shida. Viganja vimechubuka. Sababu inafuata.

Tulifika makaburini. Kaburi bado kina cha magoti tu. Ndani yake kalala nani? Ennie! Kavaa kofia ya marehemu. Anasema shimo hili zuri, Samaki wamelipenda, Mamba akalale ziwani alikozoea. Kisha akainuka akaiga mwendo wa marehemu, goti lile bovu, na namna alivyokuwa akigonga mbao huku ametega sikio. "Leo Samaki tutalala usingizi!" akapiga kelele. "Mwenye meno amekwisha!" Watu wakacheka. Mbele ya jeneza! Hata mjane, Mama Rosaria, alikuwa anatikisika mabega.

Sikuvumilia. Nikapanda kichuguu. Nikanena juu ya heshima ya wafu kwa Wayahudi, Wagiriki na Warumi. Nikawaamuru watu wa Samaki waondoke kwa jina la kanisa.

Ennie akavua kofia ya marehemu, akaiweka juu ya jeneza taratibu. Wakaokota majembe yao. Wakaondoka.

Ushindi! Ushindi wenye kasoro moja. Majembe.

Kwetu kaburi huchimbwa na vijana wa kanisa. Hapa, kumbe, anayetukana ndiye anayechimba. Mwenye msiba hagusi udongo. Watu wa Mamba walikaa chini wakiwa wamekunja mikono, wananitazama. Lackson akaniuliza kama nitachimba kwa kitabu. Nikaazima jembe. Nikachimba. Ardhi ya hapa ni nyekundu na ngumu kama kichwa cha Elikana. Jua likasogea, kaburi halikusogea.

Ndipo Mama Rosaria akaja ukingoni. Hakunifokea. Afadhali angefoka. "Ba Mwalimu," akasema, "umefukuza batu benye kunichekesha. Sasa nani atanisaidia kulia?"

Nikaweka jembe chini bila kunukuu kitabu chochote. Naandika hilo kwa sababu halijawahi kunitokea.

Nikateremka ufukoni. Ennie alikuwa anageuza samaki juu ya uchaga. Nikamwambia arudi. Akauliza nani anamwita, maana Samaki hawaitwi na upepo. Mutu bila ukoo ni upepo. Nichague ukoo kwanza.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Mamba ni ukoo wa watawala. Nikiwa Mamba nitakuwa na mamlaka ya kuwaamuru Samaki, na nitaung'oa unungwe kutoka ndani! Nikanyoosha mgongo nikatangaza kuwa tangu leo mimi ni Mamba.

Kofia yangu ikatoka kichwani kabla sijafunga mdomo. "Yangu!" akalia Ennie. "Njooni muone! Mamba wa mulimani! Mamba asiyejua kuogelea!" Ufuko mzima ukacheka. Nyavu zikaachwa. Wakapanda wote na majembe, na kaburi likakamilika kabla ya jua kuzama. Ennie aliiga jinsi nilivyokuwa nachimba. Mama Rosaria alicheka, kisha akalia, safari hii akalia vizuri, ameegemea bega la Ennie.

Hilo halithibitishi chochote.

Ijumaa, 10 Agosti

Wamenivamia chumbani! Watu wa Samaki, wanaume kwa wanawake. Wamechukua kiti, chungu cha maharage ya kesho na koti langu jeusi la mahubiri. Nikapiga mayowe. Wakanishukuru.

Nilimlalamikia Mzee Nkonde. Akasema sasa mimi ni mdogo wake, Mamba mwenziwe, na Mamba halalamiki. Mamba huenda kuchukua. Nikamweleza kuwa hilo ni upagani. Halafu nikafikiri. Kurejesha mali yako si upagani. Ni sheria!

Mchana peupe nikaenda kwa Ennie. Koti sikuliona. Nikachukua sufuria lake kubwa, la kupikia sherehe, nikalibeba kichwani kupita katikati ya soko. Wanawake wa Mamba wakapiga vigelegele. Mmoja akanitandikia kitenge nikanyage. Lackson akaniona. Akatabasamu kwa namna nisiyoipenda. Nikamweleza, nikiwa bado na sufuria kichwani, kwamba huu si unungwe. Hakubisha. Ndiyo ubaya wa mtu yule.

Jumapili, 12 Agosti

Mchungaji Chilufya alifika mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa nini mabenchi ni matupu, na nani wa kulaumiwa.

Hapakuwa na benchi tupu. Samaki upande wa kushoto, Mamba upande wa kulia, wengine madirishani. Mama Rosaria mbele kabisa, na nguo zake za msiba. Wavuvi ambao sijawahi kuwaona wakavu! Nikapanda mimbarani kwa ghadhabu takatifu. Nikafungua mahubiri: "Hoja ya kwanza dhidi ya unungwe."

Akasimama Ennie. Ndani ya koti langu! Akaomba radhi kwa Mchungaji, akasema ana swali dogo tu. Je, Mamba mwizi wa sufuria anaruhusiwa kuhubiri, au amrudishie kwanza mwenyewe apate kupikia wageni?

Kanisa likaangua kicheko. Na hapo, sijui kilitoka wapi, mdomo wangu ukamjibu kabla yangu: "Samaki hata avae koti, bado ananuka!"

Watu wa Mamba walipiga miguu chini mpaka vumbi likatuingia puani. Mzee Nkonde alinikumbatia madhabahuni. Ennie alicheka akakaa chini bila nguvu. Hoja ya pili haikusikika. Wala ya tatu.

Nilijua nimekwisha. Nikawaza lori la kunirudisha nyumbani. Nikauona uso wa Elikana.

Baada ya ibada Mchungaji Chilufya alinivuta pembeni, anafuta macho. Yeye ni mtu wa ukoo wa Mbuzi, si Mamba wala Samaki. Alisema tangu awekewe mikono hajaona kanisa lililojaa hivi hapa ufukoni. Nibaki. Nibaki kabisa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama Samaki wangeweza kufika hata Kawambwa, wakamjazie mabenchi yake.

Jumatatu, 13 Agosti

Lackson kasema: "Si nilikuambia, Ba Mwalimu?" Hukuniambia kitu! Kanisa lilijaa kwa sababu moja, nayo ni sifa ya hoja zangu. Watu walisikia unungwe utang'olewa, wakaja kushuhudia. Mwenye macho aone. Jumapili ijayo naanza tena pale pale, hoja ya kwanza, na safari hii nimeandaa majibu manne kwa Ennie kuhusu mifupa yake. Majibu ya kitaalamu. Sufuria lake silirudishi mpaka koti lirudi.

Nanyi wazee wa halmashauri ya misheni kule Usambara, ninyi mtakaoisoma shajara hii nikishakufa, nawadai mambo haya. Chapeni hoja zangu zote bila kukata hata moja, na Elikana azisome kwa sauti. Nikizikwa huku, kaburini pangu asikanyage mtani wala mnungwe, asicheke mtu, asivae mtu kofia yangu.

Ennie peke yake ndiye mmruhusu. Aje na jembe. Bado sijamaliza kumjibu.