Mteremko wa Bingwa

Jumatatu, 3 Machi
Yule fundi cherehani wa chumba cha jirani kasimamisha tena kiti chake cha magurudumu mlangoni pa klabu yetu ya drafti. Ngazi tatu, kiti hakipandi. Kauliza bingwa ni nani. Wakaninyooshea kidole mimi, mwenyekiti wao. Akatabasamu. Mtu hatabasamu bure! Nimepeleleza: huko alikotoka, hakuna aliyewahi kumfunga.
Wanachama wanataka tujenge mteremko ili naye aingie. Nimewaunga mkono kwa sauti kubwa, nikajitolea kusimamia ujenzi mwenyewe. Chini ya usimamizi wangu, hautajengwa. Picha yangu ya ubingwa itabaki ukutani.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji yangu, mwashi, kaja na mwiko wake. Atajenga bure, eti. Bure! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia kokoto lazima ziwe nyeupe tupu, azichambue moja moja. Kakubali bila ubishi. Hilo nalo linanitia wasiwasi.
Jioni fundi kanisalimu: pole na kazi, mwenyekiti. Pole ya nini? Anajua nini huyu?

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Nilitamba mbele ya wote kwamba laiti mteremko ungekuwa tayari, ningemfunga fundi leo leo. Ulimi hauna mfupa. Shemeji kabeba meza hadi barabarani, mbele ya foleni ya duka la mikate. Ikabidi nicheze.
Fundi kala kete zangu tatu kwa mkupuo. Nikalalamika kwamba jua linanipiga machoni. Kanipa upande wake. Nikafungwa hata upande huo. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye foleni, kapiga makofi. Mke wangu anasema alikuwa anaua mbu. Mbu gani, mchana kweupe?

Jumapili, 9 Machi
Sijalala. Ila nimegundua kosa langu: nje kuna watu. Ndani, aibu ina paa. Alfajiri nimemgongea shemeji: amka, tujenge! Kauliza kuhusu kokoto nyeupe. Nikamwambia kokoto ni kokoto. Zege nimelichanganya kwa mikono yangu hii ya kinyozi.

Jumamosi, 15 Machi
Zege limekauka. Fundi kapanda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kasimama mlangoni. Kisha kasema tangu ahamie hapa amekuwa akishona huku akisikia vicheko vyetu kupitia ukutani, asijue tunacheka nini. Nikapangusa macho. Vumbi la saruji, hakuna kingine.
Nyuma yake akapanda tarishi mstaafu na magongo yake. Miaka yote nilidhani hapendi drafti.
Halafu fundi akanifunga. Picha yangu sasa iko karibu na choo.

Jumapili, 16 Machi
Wanachama wananisifu, eti bila mimi mteremko usingekuwapo. Wananichimba hawa. Lakini dawa nimeipata. Juu ya duka la mikate kuna ukumbi wa kupanga. Hewa safi, ngazi ndefu. Nimependekeza tuhamie.
Fundi kauliza yeye na tarishi watapandaje. Nimemwambia aondoe shaka: ujenzi wa lifti nitausimamia mwenyewe. Katabasamu tena yule! Na shemeji, uso mkavu, kaniuliza safari hii kokoto ziwe za rangi gani.