Hedifoni Zilizosema Mwaiseni

Hapa Tunduma palikuwa na tapeli mmoja aitwaye Osward. Niseme mapema kwamba ndiye mimi, ila nikimsema kwa mbali aibu inapungua, kwa hiyo mniachie aitwe Osward.

Osward alikuwa na shida moja, nayo ni mapenzi. Alimwambia Recho wa Msangano kwamba yeye ni mfanyabiashara wa mchele. Recho akamwambia baba yake, mzee Tumpale, mkulima wa mpunga, naye akasema atakuja Jumamosi kuuona huo mchele kabla hajapokea posa. Ilikuwa Jumatano, na ghala la Osward lilikuwa na panya wawili waliokonda.

Siku hiyo akamsikia Mama Tukuswiga, kiongozi wa kikundi cha maigizo, akiulizia dukani hedifoni zisizo na waya za watu wa nyuma ya jukwaa. Walikuwa wakiitana kwa filimbi. Onyesho lililopita lori lilipiga honi, Enesi wa pazia akadhani ndiyo filimbi, akavuta, na watazamaji wakamwona marehemu ameketi kwenye jeneza anakula muhogo.

Osward alikuwa na vikinga masikio vitano, vile vikubwa vya wachana mbao. Akavichomeka spoku za baiskeli ziwe antena, akabandika sponji ya godoro iwe kipaza sauti, na ndani ya viwili akaficha simu zake mbili za kitochi, moja imeshaipigia nyingine. Kesho yake akaingia ukumbini, jirani kabisa na mpaka, amevaa tai.

"Zinafika umbali gani?" Mama Tukuswiga akauliza.

"Mama, hata Enesi akiwa kule mjini Mpemba utamsikia akipiga chafya."

"Na betri?"

"Betri utaisahau, mama."

Enesi akaenda nyuma ya pazia. "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

Osward akavimba kichwa. Ndipo mtandao ukafanya kawaida yake ya kuvuka mpaka bila pasipoti. Maongezi yakakatika, na sikioni mwa Mama Tukuswiga sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Mwaiseni mukwai." Mtoto wa chekechea wa Tunduma anajua hayo ni makaribisho ya simu iliyohamia Zambia.

"Hiyo ni satelaiti, mama," Osward akasema haraka.

"Satelaiti ina adabu," Mama Tukuswiga akajibu, uso mkavu. "Unataka shilingi ngapi?"

Osward alikuwa ameshayaona magunia manne ya mchele jukwaani. "Sitaki fedha, mama. Nipe yale."

Mama Tukuswiga akashika kifua, machozi yakamlenga. "Yale ndiyo roho ya kikundi, baba." Hata Osward akamwonea huruma, lakini hakughairi. Na kwa kuwa yeye si mjinga, akaomba bambo achome gunia auone mchele wenyewe. Bambo lilikuwa palepale jukwaani.

"Choma penye doa jekundu," Enesi akamwelekeza. "Kwingine utachana gunia."

Mchele ukamiminika, mweupe, unanukia. Akachoma yote manne, yote penye doa. Haikumjia kwamba amesimama kati ya watu ambao kazi yao ni kufanya uongo uonekane kweli, na wanalipwa kiingilio.

"Ila hizi mbili tulizojaribu zisiguswe tena," Mama Tukuswiga akasema, akazifungia sandukuni. Osward angedai nini? Aseme ndani mna simu zake? Akajiambia simu si kitu mbele ya mke.

Jumamosi asubuhi alikuwa ameketi juu ya magunia, shati limepigwa pasi. Mzee Tumpale akaingia na Recho, mkononi ana bambo lake mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Recho alikupigia jana akwambie tunakuja na gari la asubuhi. Akapokea mama mmoja, mkarimu sana, anasema simu ilikuwa inalia ndani ya hedifoni."

Osward akahisi shati limembana. "Kasemaje, baba?"

"Kasema nichome popote nipendapo, ila nisiguse penye doa jekundu."

Recho akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka, na Osward hakujua kama ni kicheko au kilio. Mzee akachoma. Pumba na mchanga vikamwagika hadi vikafunika viatu vya Osward.

Vyangu, basi. Vyangu.