Mwanangu Mtetezi wa Beberu

Kijiji cha Ujamaa,
Kimwani, Muleba.
Januari 1977

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mkulima wa migomba na kahawa ambaye hajawahi kukusumbua. Leo nimelazimika. Naomba nafasi gazetini nimshtaki mwanafalsafa mmoja wa Ulaya ambaye kitabu chake kimeniharibia posa ya binti yangu.

Kitabu hicho kililetwa na mwanangu Datius kutoka Chuo Kikuu. Kinasema mnyama anaumia sawasawa na mtu, hivyo ni dhuluma kula nyama, maziwa na mayai. Nilidhani mawazo hayo yangebaki ndani ya sanduku pamoja na soksi zake. Nilikosea, na malalamiko yangu ni haya:

1. Siku wakwe walipotoka Kibeta kuleta mahari ya Georgina, nilikuwa nimemfunga beberu mnono nyuma ya nyumba. Mzee Zahoro, anayetuchinjia ili majirani Waislamu nao wale, alikuwa ameshanoa kisu. Datius akasimama katikati.

"Baba, huyu naye anapenda kuishi kama wewe."

"Mimi siliwi na wakwe," nikamjibu. "Ondoka!"

Hakuondoka. Alikata kamba, beberu akatokomea kwenye kahawa za kijiji, na mpaka naandika hajaonekana. Ndugu Mhariri, nchi hii ilipata Uhuru kwa kuwafukuza mabeberu. Nimesomesha mtoto ili aje kuwafungulia kamba?

2. Wakwe wakala ndizi na maharage, kama wafungwa. Mkwe mkubwa aliuliza kwa adabu kama nyama inachelewa. Datius akainuka kumhutubia juu ya maumivu ya mbuzi! Yule mzee akanawa mikono, akachukua kofia yake, akasema, "Tumeelewa. Hamtaki kutupa msichana." Georgina amelia hadi sauti imekauka. Machozi yake nadhani hayamo kitabuni. Yeye hana pembe.

3. Nilimtaka ajieleze kwenye mkutano wa kijiji. Akatamka kwamba kumkamua ng'ombe ni unyonyaji. Mimi ni mtu mzima, sijawahi kumnyonya ng'ombe. Anayenyonya ni ndama, na sijaona kitabu cha kumlaani.

4. Bibi Kokwijuka akauliza: na kupe je, wana haki? Tufunge josho? Datius akakohoa. Akaulizwa juu ya senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Hapo msomi wetu akatazama chini, akasema utafiti unaendelea. Utafiti! Novemba nzima alikuwa jikoni kwa mama yake, akiwatafiti kwa mikono miwili.

5. Kama mnyama ni sawa nasi, basi na awe mwanakijiji. Ashike jembe, ahudhurie mikutano, apige kura. Mbuzi ni wengi kuliko sisi. Kabla ya masika Mwenyekiti wetu atakuwa na kwato, nasi tutalala zizini tukingoja wakwe wao waje.

Georgina, ambaye hakusoma falsafa, alipanda basi mwenyewe akaenda Kibeta kuomba radhi. Wamekubali kurudi Jumapili. Lakini kosa si lake. Naomba Serikali imwandikie yule mwanafalsafa aje awapigie magoti mwenyewe, na beberu mwingine mkononi. Mnyama hana fikira wala huzuni. Ameumbwa aliwe, basi.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, wauza magazeti wa Bukoba mjini, na yeyote huko ofisini anayekula nyama bila kuhutubia.

Ni mimi katika kujenga Taifa,
Philbert Rweyongeza

N.B. Je, kuna msomaji anayejua dawa ya kuku aliyevunjika mguu? Nimemfunga gango la kijiti cha mkahawa, nami namlisha mtama kiganjani. Mke wangu Theopista amesema ndiye kitoweo cha Jumapili. Nimekificha kisu. Hamjaona jinsi kuku huyu anavyonitazama nikitoka mlangoni. Wakwe tutawapa sato. Sato hamtazami mtu hivyo.