Tafiti Ishirini za Vidonda vya Mgongo

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nafasi moja ya masomo Nairobi. Waombaji wawili: mimi na Maximilla wa wodi ya watoto. Sista Adero, mkufunzi wetu, anataka tusome tafiti zote za vidonda vya wagonjwa wasiogeuzwa kitandani, za takwimu na za mahojiano, tuziunganishe, tueleze kwa jumla zinasema nini. Mwisho Ijumaa. Maktaba ina nakala moja moja tu. Maximilla ameshaanza! Haraka haraka haina baraka.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma muhtasari mmoja. Unachosha. Kumzuia Maximilla ni rahisi kuliko kusoma. Saa saba, watu wakila, nilificha majarida yote ya vidonda ndani ya katoni ya magazeti makuukuu nyuma ya mlango. Kesho nitasoma peke yangu, kwa raha.

Jumatano, 5 Juni
Katoni haipo! Mzee Dishon, mtunza maktaba, anasema karatasi kuukuu huuzwa soko la Kibuye kila mwanzo wa mwezi, za kufungia omena, wale dagaa wa ziwani. Nilikaa chini. Akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Juni
Kibuye. Mama Aoko, muuza omena aliyenunua katoni, alikataa kuuza karatasi bila samaki. Eti, "Daktari, hii si duka ya vitabu. Nunua omena." Mafungu kumi na saba! Nimepata kurasa nyingi za michezo, matangazo ya vifo, na nusu ya jedwali moja la vidonda. Linanuka. Wodi nzima inanikwepa.

Ijumaa, 7 Juni
Sista Adero ana wageni wa wizara. Tumesogezewa mwisho hadi Jumatatu. Kumbe Maximilla alisoma zote ishirini kabla hazijapotea, kila moja kwenye kadi yake! Amenihurumia, akaniazima kadi zote hadi kesho jioni, ndipo aandike yake. Nusura nilie. Niliona aibu kweli, mpaka chai ya saa kumi.

Jumamosi, 8 Juni
Bila kadi hawezi kuandika. Nimezificha maktaba, kwenye katoni mpya ya magazeti makuukuu, chini ya meza ya Mzee Dishon mwenyewe. Nani atatafuta pale? Mzee amechangamka. Anasema Alhamisi mjinga mmoja alimaliza omena ya Mama Aoko, sasa mama anataka karatasi zaidi, zinachukuliwa leo mchana. Nilicheka naye. Hainihusu. Zangu ni kadi, si karatasi.