Sauti Yangu Kwenye Hedifoni

Jumatano, 4 Machi
Nimepakia picha ya filamu ya leo. Nimepakia sauti. Nimepakia maandishi ya wasiosikia, yale ya chini ya skrini. Sauti ya maelezo haimo kwenye diski! Hiyo ndiyo humweleza asiyeona, kwa hedifoni, nani kaingia na nani kashika kisu. Na asiyeona wetu ni mmoja tu: Mwalimu, mwanamama mstaafu anayekuja kila Jumatano mchana, siti ya pembeni. Wiki nzima sijaongea na mtu, isipokuwa dada yangu aliyepiga simu kuuliza kama bado niko hai. Nikajifungia chumba cha projekta, nikawasha maikrofoni, nikamsimulia mwenyewe. Kupitia kidirisha nikamwona anatabasamu. Mimi! Nimemfanya mtu atabasamu!

Alhamisi, 5 Machi
Filamu ya wiki ijayo imefika, na sauti ya maelezo imo. Nimeiweka kando. Nimerekodi yangu. Marekebisho ni madogo: shujaa sasa ana kipara cha heshima na shati la kijani, kama mimi. Anaishi peke yake ghorofani na hakuna anayemtembelea. Kwenye picha ni rubani mwenye nywele hadi mabegani. Nani atamwambia?

Jumatano, 11 Machi
Amecheka. Amefuta machozi. Akitoka akamuuliza mkata tiketi msimuliaji ni nani, maana anasikika mtu mwenye moyo. Na yule domo kaya, asiyeweza hata kupanga foleni ya watu watatu, akasema ni yeye! Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, nimesikia neno kwa neno. Nusura nishuke niseme ukweli. Wakaenda kunywa chai, wawili hao. Mimi nimekula mkate mkavu na hasira.

Jumanne, 17 Machi
Mpango kabambe! Filamu ya kesho inahusu mfalme. Naye nimempa kipara na shati la kijani. Akiagana na mama yake, mimi naingilia kati: Mwalimu, mkata tiketi anakudanganya, msimuliaji ni mimi wa huku juu, sina mtu wa kuongea naye, tafadhali usiache kuja hata filamu ikiwa mbovu. Kazi safi.

Jumatano, 18 Machi
Jamani! Kwa kiherehere nimepakia faili yangu mahali pa sauti ya ukumbi. Spika zote! Na leo kulikuwa na wafanyakazi wa benki, ukumbi mzima, wanasherehekea kitu. "Sina mtu wa kuongea naye" ikanguruma mpaka kidirisha changu kikatetemeka. Walicheka mbavu zikawauma. Mwalimu peke yake hakucheka. Nilijificha nyuma ya projekta mpaka wafagiaji walipomaliza.

Alhamisi, 19 Machi
Meneja kanikalisha kitako. Sauti zote atapakia yeye. Mimi nibaki na picha na maandishi, na nikirudia nitafute kazi nyingine. Kisha mkata tiketi akapanda, kanuna, na ujumbe wa Mwalimu. Eti alijua mapema kwamba msimuliaji si mkata tiketi, masikio anayo. Ile chai ilikuwa ya kumchimba. Eti anashangaa mashujaa wote wana shati moja, hawafui? Na eti siti ya jirani yake haina mtu Jumatano. Nikitaka kuongea, nishuke. Filamu ataacha kuisikiliza.

Nimemfanya aurudie ujumbe mara mbili. Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Jumatano, 25 Machi
Nilipiga shati pasi. Nilifika hadi mlango wa ukumbi. Mwalimu alikuwa ameshatoa mkoba wake kwenye siti ya jirani, na hedifoni hakuvaa. Nikarudi juu mbio. Ningemwambia nini? Kidirishani nikamwona anageuza kichwa kila mlango ulipolia, mpaka filamu ikaisha. Moyo umeniuma, sitaficha.

Lakini nimepata mpango bora kuliko yote! Maandishi ya wasiosikia bado yako mikononi mwangu. Nimeshaanza kumwandikia humo, mstari kwa mstari, kila nilichoshindwa kumwambia. Jumatano ijayo yataonyeshwa. Yanatoka vizuri ajabu. Ndiyo, najua hawezi kuyasoma. Ndiyo maana yanatoka vizuri.