Tanga la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Tanga la katamarani yangu, mashua ya matumbo mawili, limetoboka. Tundu la ukubwa wa kidole gumba, pale linaposugua waya unaoshikilia mlingoti. Na tanga hili alilishona mama mkwe, miezi mitatu kwenye cherehani, zawadi, na macho yake yenyewe si mazima. Jumamosi anakuja kuipanda kwa mara ya kwanza. Uso wangu nitauficha wapi?

Jumanne, 4 Machi
Fundi baiskeli ana katamarani kama yangu. Tanga lake halina hata mkwaruzo! Nimempeleleza nikijifanya natafuta ndara. Kumbe nyaya zake amezivisha mpira. Akaniambia eti ugonjwa wangu mkubwa ni kuliacha tanga juu mchana kutwa likijipigapiga, chombo kikiwa nchi kavu. Wivu huo. Lisipokuwa juu watu wataliona vipi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimevisha mpira upande mmoja. Upande wa pili mpira haukutosha, nimepaka mafuta ya kupikia ili tanga liteleze. Namshukuru Mungu kwa akili hizi. Sasa lina tundu, na doa kubwa kama sinia.

Mke wangu ameuliza mpira wake wa kumwagilia bustani uko wapi. Nimesema wezi siku hizi hawana haya. Akaenda moja kwa moja kwenye katamarani. Bustani imemwagiliwa kwa ndoo, safari kumi na nne. Mbebaji mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amefika. Nilisimama mbele ya tundu, nimetanua mabega. Akanisogeza kama pazia. Akanusa doa, akauliza tulikuwa tunakaanga nini. Kisha akafungua mkoba: viraka sita, vimeshakatwa! Kumbe alishampigia simu fundi baiskeli kumwuliza tanga husuguliwa wapi. Alisema ananijua mimi mkwe wake. Akashona kwa mkono, miwani puani, bila kunilaumu hata kidogo. Tulipoingia baharini alicheka kwa kila wimbi. Machozi yakanitoka, nikasingizia chumvi. Ameniomba jambo moja tu: nikifika nchi kavu, nishushe tanga.

Jumapili, 9 Machi
Mkwe kama huyu hapatikani! Shukrani zangu haziwezi kufungiwa kabatini. Tangu asubuhi nimelipandisha tanga hapa nchi kavu, upepo mkali, linapiga makofi, kila mpita njia aone viraka vya mama. Fundi baiskeli amepita, akashika kichwa.

Wivu tu.