Jibu Liko Njiani

Jumatatu, 4 Mei

Siku mbaya. Mchumba wangu, muuguzi, ameniandikia asubuhi. Hospitali yao inataka kumhamishia tawi la mbali, mbali kweli, huko ambako mtu haendi kutembea na kurudi. Anataka kujua: abaki tuoane kama tulivyosema, au aende? Ijumaa mchana lazima awape jibu. Kaongeza nisithubutu kupiga simu. Eti nikipiga namzungusha kwa maneno mpaka anasahau alichouliza. Niandike, asome, ajue moja.

Nikaandika: "Baki mpenzi, tuoane." Nikafuta. Mtu wa mwaka wa tatu wa kompyuta haandiki hivyo! Nikatunga aya nne, moja ina mwezi ndani yake. Asubuhi yote. Nilipobonyeza kutuma, kimya. Kialama cha saa tu, hakiondoki. Nikakimbilia maktaba. Mlangoni kuna tangazo jipya la Fundi wa mtandao wa chuo: kuanzia saa nne leo programu za kuchati zimefungwa siku za masomo. Zitafunguliwa Jumamosi na Jumapili.

Laiti ningetuma yale maneno matatu ya kwanza. Fundi ananichukia, najua. Mwaka jana nilisema mbele ya darasa kwamba nyaya zake zinafanana na nywele za mtoto aliyekataa kusukwa. Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Mei

Kobe, mwenzangu wa chumbani, ana ushauri. (Tunamwita Kobe kwa sababu akianza kufunga kamba za viatu, wengine tunaoga.) Anasema nitume ujumbe wa kawaida wa simu. Ujumbe wa kawaida! Njia ile ile wanayonitumia matangazo ya milio ya simu! Swali la ndoa halijibiwi kwa njia ya milio. Basi nunua bando, akasema. Nikamkumbusha kwamba niliapa mbele ya bweni zima: sinunui bando wakati mtandao wa chuo upo. Ahadi ni deni.

Halafu wazo likaja. Mtandao unafunguliwa Jumamosi? Basi na iwe Jumamosi! Nimeingia kwenye mipangilio ya simu, nikaisogeza tarehe. Akili ni mali. Programu ikagoma bado. Kikatokea kitangazo, maneno mengi, tarehe hivi, tarehe vile. Mtego wa Fundi. Nikakifuta bila kukisoma. Labda Jumamosi inahitaji muda wa kukolea.

Jumatano, 6 Mei

Baraza la wanafunzi limempelekea Mkuu wa chuo malalamiko, na Fundi kaamriwa afungue. Mchana bwalo zima linachati. Hata Kobe, anayechapa kwa kidole kimoja! Yangu imenuna. Simu ilikuwa imejisogeza yenyewe hadi Jumapili, nikairudisha Jumamosi, na nitairudisha kila asubuhi. Wapi!

Mambo ni wazi. Fundi amewafungulia wote, kanibakiza mimi. Na bila shaka anasoma ninachoandika. Nikamwandikia humo humo kwenye ukurasa wa mchumba, maana ndiko anakochungulia: "Umenichosha. Sikutaki tena maishani mwangu. Niache." Nilijisikia vizuri kidogo.

Baadaye nikageuza ndoo chini ya dirisha la ofisi yake, nikapanda, nikainua simu ili niukamate mtandao kwenye chimbuko. Ndoo ikapasuka. Goti limechubuka. Fundi akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kama nina shida, anisaidie. Nikamwambia nafanya mazoezi. Kwa nini nilisema vile? Mtu ameuliza kabisa kama nina shida! Mdomo uliponza kichwa.

Alhamisi, 7 Mei

Shemeji yangu, mdogo wake mchumba, yuko mwaka wa kwanza hapa hapa. Alinikuta kwenye foleni ya mashine ya kuchapisha. Akasema dada haachi kutazama simu, hata kazini wanamsema. Je, nimeuona ujumbe wake? Amwambie nini?

Ningeweza kumjibu pale pale. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini aya zangu nne ziende wapi? Nikamwambia mambo ya wawili hayapitii kwa wa tatu, amwambie dada jibu liko njiani. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Moyo uliniuma kumwona anaishia mwisho wa korido. Sikumwita.

Ijumaa, 8 Mei

Mchana umepita. Saa kumi nikameza kiburi, nikaenda ofisini kwa Fundi, nikamkabidhi simu na kumwambia haya, ameshinda. Akauliza ameshinda nini. Akaitazama simu. Akaniuliza leo ni siku gani. Ijumaa, nikasema. Akanigeuzia kioo: Jumamosi.

Alinieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Programu haiunganishi simu yenye tarehe ya uongo. Kile kitangazo kilikuwa kinaniambia hivyo tangu Jumanne. Tangu kizuizi kiondolewe Jumatano, aliyenifungia nje ni mimi mwenyewe. Akairekebisha. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Zikaondoka zote kwa mkupuo! Aya ya kwanza, ya pili, ya mwezi, ya nne. Halafu ile ya Fundi. Nikafunika kioo kwa kiganja, kana kwamba ningeizuia. Nilipotoa mkono, alama zilikuwa za bluu. Ameisoma. Akajibu kwamba kazini ameshawaambia anakwenda. Alinisubiri hadi dakika ya mwisho. Tena ananishukuru kwa ule mstari wa mwisho, umeeleweka vizuri.

Nililia mbele ya Fundi. Akanipa kiti, akafunga mlango ili watu wasione. Najuta. Najuta kuhusu simu, kuhusu mwezi, hata kuhusu nyaya zake.

Jumapili, 10 Mei

Mungu yupo! Shemeji, niliyemsimulia jana, amemweleza dada yake kila kitu: tarehe, Fundi, ndoo. Amecheka mpaka akalia, au alilia kisha akacheka, shemeji hana hakika. Ameniandikia tena. Basi lake ni kesho alfajiri. Ila kuna mwenzake wa wodini yuko tayari kwenda badala yake, mradi aambiwe leo kabla jua halijazama. Hataki maelezo. Niandike "baki", basi.

Neno moja? Baada ya mateso yote haya? Mwanamke kama huyu anastahili zaidi. Tangu asubuhi tunarekodi video. Nimesimama mbele ya maktaba ndani ya koti la Kobe, nasoma aya zote nne na mbili mpya, na vijana wa bweni wanaitikia nyuma yangu. Nusu saa ya majuto matupu. Kazi safi!

Ni nzito kidogo. Fundi amebandika onyo kwamba mafaili makubwa yatakatwa, lakini sisi sasa ni marafiki. Naituma tangu mchana na mstari umefika robo. Jua bado lipo, limekaa juu ya paa la bwalo.

Kobe amesimama mlangoni anatokwa jasho. Anasema niandike tu lile neno wakati video inapanda, halitapunguza kitu. Nimemwambia atulie. Haraka haraka haina baraka.